Masoko ya vitu vya zamani Paris: uanzie wapi, ununue wapi

Swali: "Nina nyumba ndogo ya wageni Pangani. Oktoba nakwenda Paris kumtembelea mdogo wangu, nitakuwa huko wikiendi mbili. Kila ninayemuuliza ananitajia soko la Saint-Ouen. Natafuta taa, picha na vyombo vya kupambia vyumba, ila si tajiri, na Kifaransa changu ni cha kuombea maji tu. Je, niende huko? Wanapunguza bei kama kwetu? Na nitajuaje kwamba sijauziwa mbuzi kwenye gunia?"

Dada, Saint-Ouen nenda, lakini usiende na orodha ya manunuzi. Nenda ukatazame, uulize bei, ushike vitu mkononi, jicho lako lizoee. Pesa yako kaitumie Vanves, upande wa kusini wa jiji, na kwenye masoko ya mtaani ya siku moja nitakayokueleza hapa chini. Watu wengi hufanya kinyume chake. Hushuka Saint-Ouen siku ya kwanza na euro zote mfukoni, na kabla ya jua la mchana wameshanunua taa ambayo Vanves wangeipata kwa nusu ya bei, tena na kivuli chake.

Sababu ni aina ya wauzaji. Saint-Ouen ilianza kwa wakusanya takataka. Zamani Paris ilizungukwa na ukuta wa ngome, na nje ya ukuta huo kulikuwa na ukanda wa ardhi ambao jeshi lilikataza kujenga majengo ya kudumu. Wakusanya matambara na vyuma chakavu walihamia huko, hasa baada ya mkuu wa wilaya ya Seine, Eugène Poubelle, kuamuru mwaka 1883 kwamba kila nyumba iweke taka zake kwenye pipa lenye kifuniko. Amri hiyo iliwakata mkono watu waliokuwa wakipekua taka barabarani usiku. Wakawa wanatandaza walichopata nje ya lango la Clignancourt, wenyeji wa Paris wakawa wanakwenda kutembea Jumapili, na mwaka 1885 ndio unaohesabiwa kuwa mwanzo rasmi wa soko. Hiyo ni zaidi ya miaka 140 iliyopita. Leo wajukuu wa biashara ile ni wenye maduka wanaolipa kodi ya pango, wanaopokea wapambaji wa hoteli kutoka Marekani na wanaosafirisha mizigo kwa kontena. Ukiona kiti cha plastiki cha miaka ya 60 kina bei ya pikipiki, usishangae. Aliyekiweka pale anajua hasa nani atakinunua.

Hata hivyo si soko moja. Ni mkusanyiko wa masoko zaidi ya kumi yaliyobanana pande zote za barabara ya Rue des Rosiers, kila moja na tabia yake. Vernaison, lililofunguliwa mwaka 1920, ndilo ninalolipenda kuliko yote: vichochoro vyembamba, vibanda vidogo, na wauzaji walioshika kitu kimoja tu maisha yao yote, huyu vifungo, yule shanga, mwingine wanasesere, mwingine vitambaa vya mezani vilivyodariziwa. Dauphine ni la ghorofa, zuri kwa vitabu, ramani na picha zilizochapwa. Paul Bert na Serpette ni ya wapambaji wenye pesa. Pita, jifunze jinsi wanavyopanga taa na vioo, kisha toka. Biron ni samani za dhahabu dhahabu ambazo sidhani Pangani utazihitaji. Jules Vallès ndilo la bei ya chini kidogo, vitu vimerundikwa bila mpangilio, na ukitaka kununua chochote Saint-Ouen nunua hapo au Vernaison.

Siku za kwenda ni Jumamosi na Jumapili, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Jumatatu pia hufunguliwa, kuanzia saa tano, ila milango mingi utaikuta imefungwa. Kwako Jumatatu ina faida moja: watu ni wachache, na muuzaji asiye na wateja huwa na muda wa kuzungumza na mtu wa Kifaransa cha kuombea maji.

Kuhusu njia ya kufika, hapa ndipo wageni huharibikiwa. Vitabu vyote vya watalii vinakuelekeza ushuke Porte de Clignancourt, mwisho wa laini ya 4 ya metro. Ukishuka hapo, utatembea chini ya daraja la barabara kuu inayozunguka jiji, na kabla hujafika kwenye vitu vya kale utapita katikati ya vijana wanaouza viatu vya michezo, mikanda na simu. Wengi hugeuka na kurudi hapo hapo wakidhani ndilo soko lenyewe. Usinunue mkoba wala mkanda wenye jina kubwa pale. Ufaransa inalinda majina ya makampuni yake vikali, na hata mnunuzi akikutwa na bidhaa bandia, forodha huichukua na kumtoza faini. Mara kwa mara utakuta pia mchezo wa karata tatu. Wale wanaoshinda mbele yako ni wenzao, na wakati macho yako yako mezani kuna mwingine anashughulika na mkoba wako. Mimi huwashauri wageni washuke kituo cha Garibaldi, laini ya 13, watembee dakika chache kwenye mitaa ya kawaida na kuingilia sokoni kwa upande wa pili.

Laini hiyo hiyo ya 13 ina siri nyingine: upande wa kusini inapita Porte de Vanves. Kwa hiyo siku moja inaweza kukutosha kwa masoko yote mawili bila kubadilisha treni. Asubuhi Vanves, mchana Garibaldi. Angalia tu kwamba ukielekea kaskazini laini inagawanyika matawi mawili, na treni yako ni ile iliyoandikwa Saint-Denis.

Sasa Vanves yenyewe. Hili halina maduka. Ni meza na maturubai yaliyotandazwa kando ya barabara mbili, Avenue Marc-Sangnier na Avenue Georges-Lafenestre, Jumamosi na Jumapili tu. Wanaanza kupanga kuanzia saa moja asubuhi, na ikifika saa saba mchana wengi wameshaanza kufunga. Oktoba jua la Paris linachomoza karibu saa mbili, hivyo ukifika mapema utakuta giza na watu wameshika tochi. Hao wenye tochi ni wauzaji wenzao. Baadhi ya vitu wanavyovinunua saa hiyo utavikuta Saint-Ouen mchana, vimefutwa vumbi na bei imepanda. Washa taa ya simu yako uingie nao. Hakuna anayekukataza.

Muuzaji wa Vanves amebeba mzigo kwenye gari, na kisichouzwa lazima akibebe tena. Ndiyo maana saa ina nguvu kuliko ufundi wako wa kupatana. Kitu kizuri kinapatikana mapema kwa bei yake. Kitu kizito au kinachovunjika kinashuka bei kuanzia saa sita, muuzaji anapoanza kutafuta magazeti ya kufungia. Mvua ikinyesha, bei hushuka mapema zaidi. Sahani, vioo, fremu kubwa na vitabu, vyote hivyo subiri mwisho. Kadi za posta, vito na vijiko vya fedha usisubiri, kwa sababu vinaenea mfukoni na mwenyewe hana haraka navyo.

Umeuliza kama wanapunguza bei. Wanapunguza, ila si kwa mtindo wa Kariakoo ambako ukitajiwa elfu thelathini unajibu elfu kumi na wote mnacheka. Ukifanya hivyo Paris, mwenye kitu atakiweka chini na kukupa mgongo, na hatakugeukia tena. Kawaida ni kama asilimia kumi hadi ishirini. Kitu cha euro 40 unaweza kukipata kwa 35, na ukiwa na bahati 32. Kununua vitu viwili au vitatu kwa mtu mmoja na kuomba bei ya pamoja kunafanya kazi kuliko kubishania kimoja. Pesa taslimu nazo husaidia. Beba noti ndogo, maana muuzaji uliyemlilia akupunguzie euro tano hafurahi ukimpa noti ya mia. Ikitokea mdogo wako ndiye anayekulipia kitu kikubwa, ajue kwamba mkazi wa Ufaransa haruhusiwi kumlipa mfanyabiashara taslimu zaidi ya euro 1,000.

Kabla ya hayo yote kuna salamu. Sisi watu wa pwani tunaelewa jambo hili, lakini ugenini tunalisahau. Ukifika mezani sema "bonjour, madame" au "bonjour, monsieur", subiri uitikiwe, ndipo uangalie. Kitu dhaifu usikinyanyue kabla ya kuonyesha kwa kidole na kuomba ruhusa. Kisha "c'est combien?", yaani kiasi gani. Ukitaka kupunguziwa, uliza "c'est votre meilleur prix?", yaani hiyo ndiyo bei yako nzuri kabisa, kwa sauti ya kawaida, kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kunakofanya kazi. Anayeongea sana huishia kuongeza bei mwenyewe. Namba za bei uombe waandike kwenye simu, kwa sababu kuhesabu kwa Kifaransa kuanzia sabini kwenda juu ni mateso hata kwa sisi tunaoishi huku.

Kuhusu kudanganywa, tuanze na kijiko, maana ndicho kitu ambacho wageni wengi hukiuziwa. Kigeuze. Nyuma ya mpini, au karibu na pale mpini unapokutana na kikombe cha kijiko, tafuta mihuri. Fedha halisi ya Kifaransa ina miwili. Mmoja ni kichwa cha mwanamke mwenye kofia ya vita, mungu wa Kirumi Minerva, uliotumika tangu mwaka 1838. Pembeni ya kichwa kuna namba ndogo sana: 1 ni fedha ya kiwango cha 950 kwa elfu, 2 ni kiwango cha 800. Mwingine ni wa fundi, na una umbo la pembe nne lililosimama kwa ncha, kama alama ya uru kwenye karata. Muhuri wa fundi ukiwa ndani ya mraba uliolala sawasawa, mara nyingi hicho kimepakwa fedha tu juu ya madini mengine. Kuna namba nyingine inayowapoteza watu, 84. Ukiiona kwenye vijiko na uma usidhani ni kipimo cha usafi wa fedha. Ni gramu za fedha zilizotumika kupaka seti nzima ya vijiko kumi na viwili na uma kumi na mbili. Mihuri hii ni midogo kuliko punje ya mtama, hivyo nunua lensi ya sonara kabla ya safari. Tena, kwa meza ya kifungua kinywa ya wageni, vilivyopakwa fedha vinatosha kabisa: vizito mkononi, vizuri machoni, na mgeni akiondoka na kimoja hutalia.

Kwenye samani na picha za bei kubwa, sheria iko upande wako kama unajua kusoma risiti. Kuna amri ya serikali ya Machi 1981 inayowabana wauzaji kuhusu maneno wanayotumia. Muuzaji akiandika "époque" ikifuatiwa na jina la zama, amekuhakikishia kwamba kitu kilitengenezwa zama hizo. Akiandika "style", hajakuhakikishia chochote, kiti kinaweza kuwa cha juzi. Na wewe mnunuzi una haki ya kudai risiti yenye maelezo hayo. Kwa hiyo mtu akikuambia kwa mdomo kwamba kioo ni cha karne ya kumi na nane, mjibu kwa upole aiandike. Uso wake utakujibu kabla ya kalamu. Ukishalipa, usitegemee kurudisha kwa sababu tu umeghairi. Haki ya siku kumi na nne wanayoizungumzia watu ni ya manunuzi ya mbali, kama ya intaneti.

Nikushauri sasa vitu vinavyokufaa wewe, kwa nyumba ya Pangani.

Taa kwanza. Taa nyingi za zamani za Ufaransa zina tundu la balbu ya pini, ile ile inayouzwa kila duka kwetu, na umeme wao ni volti 230 kama wa Tanesco. Utabadilisha plagi na waya, basi. Lakini waya ubadilishe kweli: ule uliofunikwa kwa kitambaa unavutia kwenye picha, ila ndani mpira wake umeshakauka na kupasuka, na hewa ya chumvi ya Pangani haitauhurumia. Uchague shaba na vioo, uache chuma kilichopakwa rangi. Usibebe vivuli vya kitambaa, vinakula nafasi, na fundi wa ukili wa Tanga atakutengenezea vizuri zaidi.

Halafu kadi za posta za zamani. Vanves na Dauphine kuna watu wenye masanduku yaliyopangwa kwa nchi. Uliza "Zanzibar" na uliza "Afrique orientale". Pwani yetu imo humo kuliko unavyofikiri, kwa sababu mbili. Meli za kampuni ya Messageries Maritimes zilizokuwa zikienda Madagaska na Réunion zilitia nanga Mombasa na Zanzibar, na abiria wakatuma kadi nyumbani. Na mapadri wa Roho Mtakatifu, ambao makao yao makuu yalikuwa Paris, walifungua misheni Bagamoyo mwaka 1868. Picha za misheni kama hizo zilichapwa kwenye kadi ili kuchangisha pesa kwa waumini wa Ufaransa. Igeuze kadi: kama mgongo wake wote umeachwa kwa anwani tu na salamu zimebanwa upande wa picha, hiyo ni ya kabla ya mwaka 1904 au karibu na hapo. Mgongo uliogawanywa kwa mstari katikati ulikuja baadaye. Kadi za kawaida huanzia euro moja, za Zanzibar ni ghali zaidi kwa kuwa wanaozikusanya ni wengi. Kadi kumi za pwani kwenye fremu nyeusi zitazungumza na wageni wako kuliko mchoro wowote wa mnara wa Eiffel.

Wikiendi ya pili mwombe mdogo wako akutafutie "vide-grenier". Hizi ni siku ambazo wakazi wa mtaa mmoja hutoa vitu vya stoo zao na kuviuza barabarani. Sheria inamruhusu mtu wa kawaida kushiriki mara mbili tu kwa mwaka, tena kwa vitu vyake mwenyewe vilivyotumika, kwa hiyo muuzaji si mjuzi na anataka stoo yake iwe tupu. Msimu wake mkubwa ni kuanzia Aprili, na Oktoba utakuta bado zipo. Nje kidogo ya jiji ndiko kuna za bei nzuri. Zaidi ya hizo kuna maduka ya Emmaüs, jumuiya iliyoanzishwa na padri aliyejulikana kama Abbé Pierre mwaka 1949, yanayouza vitu vilivyotolewa sadaka. Bei yao ni moja, usijaribu kupatana. Soko la Porte de Montreuil, upande wa mashariki, sina mengi ya kulisema: ni marundo ya nguo, na mtu aliyekulia Tanga hana haja ya kwenda Paris kuchambua mitumba.

Kuna kitu kimoja ukikiona ukiache kabisa, hata kiwe kizuri vipi: pembe ya ndovu. Utaiona kwenye vishikio vya visu, sanamu ndogo, funguo za piano, wakati mwingine bila jina lolote au muuzaji akikuambia ni mfupa. Angalia kwa lensi. Mfupa una vitundu na vijistari vyeusi vya mishipa. Pembe ni laini, na pale ilipokatwa kwa upana mistari yake hukatizana kama wavu. Umoja wa Ulaya umeibana sana biashara hii, na kuvusha mpaka bila vibali vya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, ni kosa, hata kama kitu kina miaka mia. Kushuka Dar ukiwa na kisu hicho kwenye begi ni kujitafutia kesi ya nyara za serikali. Vitana na visanduku vya gamba la ng'amba navyo ni hivyo hivyo.

Mwisho, mzigo. Beba kutoka nyumbani kanga mbili tatu kuukuu za kufungia vioo. Visu, uma na kila chenye ncha viende kwenye sanduku la chini ya ndege, kadi ziende na wewe mkononi katikati ya kitabu kigumu. Weka risiti zote pamoja. Vitu vya nyumba ya wageni ni vya biashara, si zawadi, kwa hiyo ukifika vitamke forodhani kabla hujaulizwa, uonyeshe karatasi zinazosema ulilipa euro nane kwa taa ambayo macho ya afisa yanaiona kama ya laki nane.